Mgongo Umeunganishwa, Lakini Bado Unauma

Kidonda kimefunga, nyuzi zimetolewa, na ndugu waliokuja kutoa pole wamerudi makwao. Miezi minane imepita. Lakini mgonjwa wako bado anaamka saa nane usiku akijishika kiuno, mguu mmoja bado una ganzi, na kazi ya dakika kumi inamlaza nusu siku. Huenda mgonjwa huyo ni mume wako aliyeanguka na bodaboda, binti yako aliyenyooshwa uti wa mgongo uliopinda, mama yako mzazi, au ni wewe mwenyewe unayesoma hapa.

Hapo ndipo maneno huanza. Jirani anasema madaktari wamemharibu. Shangazi anasema huo si ugonjwa wa hospitali. Mwingine anasema anadeka. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na katika kutembelea majumbani nimeona maneno haya yakimuumiza mtu kuliko kidonda chenyewe. Maumivu yanayobaki baada ya upasuaji wa mgongo yana sababu zake. Nyingine zinatibika, nyingine ni za kuishi nazo, na chache ni za kukimbilia hospitali usiku huohuo. Mlezi anayejua kuzitofautisha ni msaada mkubwa kuliko dawa nyingi.

Kilichofanyika mgongoni

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili, yaani mifupa midogo iliyopangwa mmoja juu ya mwingine kuanzia shingoni hadi kwenye nyonga. Pingili 24 za juu zinacheza, ndiyo maana unaweza kuinama kuchota maji na kugeuka kumtazama mtoto aliye mgongoni. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kitu laini chenye kunesa kinachozuia mifupa isisagane. Ndani ya uti huo kuna njia ya mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni, kwenye kibofu na kwenye njia ya haja kubwa.

Katika upasuaji wa kuunganisha, daktari huchukua pingili mbili au zaidi na kuzifanya zipone kama mfupa mmoja. Huweka vipande vya mfupa, mara nyingi vilivyochukuliwa kwa mgonjwa mwenyewe, kisha hushikilia pingili kwa skrubu na fito za chuma. Wengi hudhani vyuma ndivyo vinavyounganisha. Hapana. Vyuma hushikilia tu, kama mbao za fundi zinavyoshikilia zege mpaka likauke. Kinachounganisha ni mfupa kuota na kushikana, na kazi hiyo huchukua miezi, mara nyingi kati ya 6 na 12, wakati mwingine zaidi.

Upasuaji huu si wa juzi. Mwaka 1911 madaktari wawili wa New York, Fred Albee na Russell Hibbs, kila mmoja kwa njia yake, walitangaza namna ya kuunganisha pingili, na wagonjwa waliowalenga walikuwa wa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ugonjwa huo bado tunao hapa kwetu. Pamoja nao kuna ajali za barabarani, kuanguka kutoka kwenye mnazi au mwembe, pingili inayoteleza mbele ya mwenzake, na watoto ambao uti wao umepinda upande. Hapa Tanzania upasuaji wa namna hii hufanyika katika hospitali kubwa kama MOI pale Muhimbili, kwa hiyo wagonjwa wengi hurudi mikoani mbali na daktari aliyewapasua, na aliyebaki karibu nao ni wewe na zahanati ya kijiji.

Ukumbuke jambo hili, kwa sababu mara nyingi halisemwi vizuri wakati wa kusaini karatasi ya ridhaa: upasuaji wa kuunganisha hufanywa ili kuzuia pingili zisicheze ovyo, kuondoa kinachobana mishipa, au kunyoosha kilichopinda. Haukuahidi kuondoa kila maumivu. Mtu anaweza kuwa na picha ya eksirei nzuri kabisa, vyuma vimekaa sawasawa, na bado akaumwa. Hasemi uongo.

Kwa nini bado anaumwa

Sababu ya kwanza ni mishipa ya fahamu yenyewe. Mshipa uliobanwa kwa miaka, au uliopondeka kwenye ajali, haurudi kuwa mzima siku unapoachiwa nafasi. Mshipa unaoota upya huenda polepole sana, karibu milimita moja kwa siku. Pima mwenyewe kutoka kiunoni hadi kidole cha mguu, utaelewa kwa nini ganzi ya unyayo inaweza kuchukua zaidi ya mwaka kupungua, na kwa nini wengine hubaki nayo. Maumivu ya mshipa wa fahamu yana sura yake: huchoma kama pilipili, hupiga kama shoti ya umeme, hutambaa kama siafu, na mara nyingi huzidi usiku. Ukimsikia mgonjwa anatumia maneno ya namna hiyo, mwambie ayarudie hivyohivyo kwa daktari, kwa kuwa dawa zake si zile za maumivu ya kawaida.

Sababu ya pili ni mfupa kutoshikana. Miezi inapita, vyuma vinashikilia, lakini mfupa haukuota vya kutosha, na pingili zinaendelea kucheza kidogo kidogo. Maumivu huwa pale pale palipopasuliwa, huzidi mgonjwa akisimama au akijigeuza, na hupungua akilala. Mwishowe skrubu inaweza kulegea au fito kukatika. Sigara ni adui mkubwa hapa, na ugoro pia, kwa sababu nikotini huzuia mfupa kuota. Kisukari kisichodhibitiwa nacho huchelewesha, na vilevile lishe duni. Sahani yenye maharage, dagaa, yai au maziwa si anasa kwa mtu huyu.

Ya tatu ni pingili za jirani. Ukifunga bawaba moja ya mlango, bawaba zilizobaki zinabeba kazi yake. Pingili zilizo juu na chini ya zile zilizounganishwa hucheza zaidi kuliko zamani, na baada ya miaka zinaweza kuchakaa na kuanza kuuma. Hili ndilo hueleza mtu aliyekaa vizuri miaka mitano au saba, halafu maumivu yakarudi sehemu ya juu kidogo ya kovu.

Kuna pia maumivu ya nyonga pale mfupa ulipochukuliwa, na misuli ya mgongo iliyokatwa au kusukumwa pembeni wakati wa upasuaji, kisha ikanyong'onyea kwa kulala muda mrefu. Hii ya misuli ni ya kawaida sana na ndiyo inayosikia mazoezi vizuri kuliko zote.

Halafu iko sababu ambayo watu hawaijui. Mtu akiumwa kwa muda mrefu, mwili wake hujifunza kuumwa. Mishipa na ubongo huwa wepesi kupiga kelele hata kwa jambo dogo. Wahenga walishasema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mgongo ulioumizwa huwa hivyo: kuinama kidogo, baridi, usiku wa kukosa usingizi, ugomvi wa ndani ya nyumba, vyote vinaamsha maumivu ya kweli, ingawa hakuna kilichovunjika. Ndiyo maana kuumwa si lazima kumaanishe kwamba mgongo unaharibika. Mgonjwa akilielewa hili, hofu hupungua, na hofu ikipungua huthubutu kutembea tena.

Wakati wa kutosubiri

Nimeliweka jambo hili katikati makusudi, ili asiyesoma hadi mwisho alipate. Mpeleke mgonjwa hospitali haraka, siyo kesho wala baada ya kumpigia simu mjomba, ukiona lolote kati ya haya: mkojo umegoma kutoka au unavuja bila yeye kujua, haja kubwa inatoka bila kuhisi, ganzi imeingia sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, yaani eneo linalogusa kiti cha baiskeli, au miguu inazidi kulegea, leo ameshindwa kuvaa kandambili na jana aliweza. Hizo ni dalili kwamba mishipa ya chini ya uti inabanwa. Saa zinahesabika. Mshipa uliobanwa siku mbili unaweza usirudi tena.

Homa, kovu kuvimba na kuwa jekundu au la moto, usaha au majimaji kutoka kwenye kovu, pia ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, hata kama upasuaji una zaidi ya mwaka. Wadudu wanaweza kujificha kwenye vyuma muda mrefu. Usikubali kurudishwa na vidonge vya kuua wadudu bila mtu kuliangalia kovu hilo, sema wazi, "Ana vyuma mgongoni." Katika wiki za mwanzo, mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye misuli ya nyuma, au mgonjwa akabanwa kifua ghafla na kushindwa kupumua, huenda damu imeganda. Hiyo nayo ni dharura.

Kwa aliyepasuliwa kwa sababu ya kifua kikuu cha uti wa mgongo, naongeza hili: vyuma havitibu kifua kikuu. Dawa ndizo zinazotibu, na huchukua miezi mingi kuliko ile 6 ya kifua kikuu cha mapafu. Wengine huacha wakiona mgongo umenyooka. Dawa hizo hutolewa bure katika vituo vya serikali, hivyo msiache mpaka kliniki iseme. Akitokwa na jasho usiku, akakonda au maumivu yakarudi, arudi kituoni.

Dawa, na vile vinavyouzwa kama dawa

Katika nyumba nyingi ninazoingia nakuta mfuko wa nailoni umejaa vidonge nusu nusu kutoka maduka matatu tofauti. Umwage mezani siku moja na uupange pamoja na muuguzi au mfamasia.

Parasetamoli ni salama ikifuatwa: mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, akihesabu na ile iliyochanganywa ndani ya dawa za mafua. Diklofenaki na ibuprofeni husaidia maumivu ya misuli, lakini zikimezwa kila siku kwa miezi hutoboa tumbo na kuchosha figo, hasa kwa mwenye shinikizo la damu au mzee. Katika miezi ya kuota mfupa madaktari wengine huzikataza, kwa hiyo muulize. Mjamzito asizimeze bila kuelekezwa. Na zile sindano za mgongo zinazochomwa dukani kila mwisho wa wiki, mara nyingi ndani yake ni diklofenaki hiyohiyo, au dawa za steroidi ambazo zikizoeleka hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari.

Tramadoli na dawa za kundi la morfini zina nafasi yake siku za mwanzo. Kwa maumivu ya miaka, nguvu yake hupungua huku mwili ukizizoea na kuzidai. Huleta choo kigumu, na mgonjwa wa mgongo akijikamua chooni maumivu hupanda, basi mpe maji ya kutosha, mapapai, mboga za majani, na aombe dawa ya kulainisha choo mapema. Asizichanganye na pombe wala dawa za usingizi, kwani zinaweza kumzimisha pumzi. Mtoto wa chini ya miaka 12 hapewi tramadoli. Aliyezitumia muda mrefu asiache ghafla; zipunguzwe kidogo kidogo akiwa anaangaliwa.

Kwa yale maumivu ya kuchoma na ya shoti, daktari anaweza kuandika amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, au gabapentini, au pregabalini. Amitriptilini ni dawa inayotolewa pia kwa wagonjwa wa sonona, na nimewaona watu wakiitupa baada ya kusoma karatasi yake wakidhani wameitwa vichaa. Sivyo. Kwa dozi ndogo hutuliza mishipa. Hukausha mdomo na huleta usingizi, na huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, hivyo msiihukumu kwa siku tatu.

Kuhusu kuchuliwa: kupakwa mafuta na kukandwa polepole kwenye misuli ya mabega na pembeni mwa mgongo hakuna shida kidonda kikishapona, na huleta faraja. Kukanyagwa mgongo, kunyooshwa kwa kuvutwa, au kusukumwa pingili "zirudi mahali pake", usiruhusu kwa mtu yeyote, hata awe na sifa kijiji kizima. Pingili hizo zimefungwa kwa makusudi. Na kuna hatari nyingine isiyosemwa: maji ya moto na chupa ya moto kwenye ngozi yenye ganzi. Mgonjwa hasikii, wewe unakanda, na jioni mnakuta malengelenge. Jaribu joto kwenye mkono wako mwenyewe kwanza, weka kitambaa katikati, na uiangalie ngozi kila baada ya dakika chache. Kama miguu haina hisia, kagua nyayo kila jioni, maana kidonda kinachoanza kwenye mguu wenye ganzi hugunduliwa kwa harufu.

Nyumba yetu na mgongo usioinama

Vipeperushi vingi vya mazoezi vimeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye sofa, kitanda kirefu na bomba jikoni. Sisi tunapika chini, tunafua chini, tunafagia tumeinama, na wengine choo ni cha kuchuchumaa. Kiuno kilichounganishwa hakipendi haya, na hapa ndipo mlezi anaweza kubadilisha maisha bila fedha nyingi.

Pandisha vitu. Jiko la mkaa likae juu ya matofali au meza imara ya udongo, mbali na watoto. Beseni la kufulia likae juu ya stuli, na nguo zifuliwe chache chache kila siku badala ya mlima wa Jumamosi. Ufagio wa chelewa ufungiwe mpini mrefu. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, iwe kichwani au mkononi. Kwa mtu huyu gawanya kwenye madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, na safari ziwe nyingi. Kutwanga kwenye kinu aachiwe mwingine. Chooni, fundi seremala yeyote anaweza kutoboa kiti cha mbao kikawekwa juu ya tundu, na mti au kamba imara ukutani ya kujishikia. Kitu hicho kimoja nimekiona kikimrudishia mzee heshima yake, kwa sababu alikuwa anaacha kula ili asiende chooni.

Kulala: godoro lisilobonyea, mto kati ya magoti akilala ubavu, au chini ya magoti akilala chali. Kuamka asijinyanyue kwa tumbo. Ajigeuze mzima mzima kama gogo hadi awe ubavu, ashushe miguu, kisha ajisukume kwa mikono. Aliyezoea mkeka chini, tafuta hata kitanda cha kamba. Msikitini au nyumbani anaweza kuswali akiwa amekaa kwenye kiti, na kanisani hakuna anayemlazimisha kupiga magoti. Kwenye basi akae viti vya katikati, si vile vya nyuma vinavyorusha watu, na safari ndefu asimame kila gari linaposimama. Bodaboda kwenye barabara ya mashimo, aikwepe kadiri inavyowezekana.

Sasa kosa la kinyume chake, nalo nalikuta mara nyingi zaidi: upendo unaomlaza mtu kitandani. "Pumzika, usiguse kitu." Baada ya miezi ya kwanza ambayo daktari ameweka masharti, mgongo usiotumika hudhoofu na kuuma zaidi. Kutembea ndiyo dawa ya kwanza. Anze na dakika tano asubuhi na tano jioni, kwenye njia tambarare, aongeze dakika moja au mbili kila baada ya siku chache. Aonane na mtaalamu wa fiziotherapia angalau mara chache afundishwe mazoezi ya misuli ya tumbo na ya mgongo, halafu ayaendeleze nyumbani.

Mtego mkubwa ni siku nzuri. Ameamka maumivu yamepungua, anaona afadhali afue, apalilie, apike na aende sokoni, akomboe yote yaliyolala wiki nzima. Kesho yake haamki, na keshokutwa pia. Kisha akipona kidogo anarudia. Mzunguko huo huvunja moyo. Bora kazi iwe na kipimo kile kile siku nzuri na siku mbaya: afue nguo tano hata kama anaona anaweza ishirini, apumzike kabla maumivu hayajamlazimisha, na akiwa na siku mbaya apunguze lakini asilale kabisa.

Kama aliyepasuliwa ni mwanao

Mtoto aliyenyooshwa uti wa mgongo huamka mrefu kuliko alivyolala, na ndugu hushangilia. Yeye anaweza kuwa na mambo mengine kichwani: sehemu kubwa ya mgongo haikunjiki tena, ngozi karibu na kovu haina hisia, bega moja huenda bado liko juu kidogo, na wenzake wanamuuliza kwa nini anakaa wima kama askari. Msikilize kabla ya kumwambia ashukuru. Ongea na mwalimu: akae kwenye dawati ambalo miguu inafika chini, aruhusiwe kusimama katikati ya kipindi, asibebe madaftari yote, na asipewe adhabu ya kupiga magoti, kubeba maji au kuchapwa mgongoni. Hilo la mwisho liandikwe na daktari kwenye karatasi, mwalimu mkuu awe na nakala. Michezo ya kugongana asubiri ruhusa, lakini kutembea na kuogelea kwa kawaida huruhusiwa mapema kuliko mpira.

Mtoto ambaye bado anakua anahitaji kuonwa kliniki mpaka amalize kukua, hata kama haumwi, kwa sababu mifupa inaendelea kuota na mpindo unaweza kujirudia. Usiache miadi kwa kuwa anaonekana mzima. Na usimzuie maisha: binti aliyeunganishwa uti wa mgongo anaweza kusoma, kuolewa na kuzaa.

Mimba, ndoa, na mambo ya chumbani

Ukishika mimba ukiwa na vyuma mgongoni, sema siku ya kwanza ya kliniki na uombe iandikwe kwenye kadi. Vyuma peke yake si sababu ya lazima ya kuzaa kwa upasuaji; wengi huzaa kwa njia ya kawaida. Shida ni kwamba ikihitajika sindano ya ganzi ya mgongoni, makovu na vyuma vinaweza kuifanya iwe ngumu, na mtaalamu wa usingizi anahitaji kujua mapema na kuona picha zako, siyo saa sita usiku uchungu umeshika. Panga kujifungulia hospitali yenye mtaalamu huyo. Waambie pia dawa zote unazomeza, hasa pregabalini na tramadoli. Mtoto akizaliwa, nyonyesha ukiwa umelala ubavu au umeegemea, mtu mwingine akunyanyulie mtoto, umbadilishe nguo kitandani au mezani. Kumbeba mgongoni kwa khanga kusubiri daktari aseme.

Tendo la ndoa watu huogopa kuuliza, basi nalisema mimi. Kidonda kikishapona na daktari akiruhusu, halivunji vyuma. Ubavu ni nafuu kwa wengi, na anayeumwa asiwe ndiye mwenye kazi kubwa. Kama mwanaume amepoteza nguvu au mwanamke hana hisia baada ya upasuaji, huenda ni mishipa au ni dawa, na inafaa kusemwa kliniki badala ya kugeuka tuhuma za usaliti ndani ya nyumba.

Na wewe unayetunza

Mgongo wako nao ni mmoja. Usimnyanyue mgonjwa kwa kumvuta makwapa. Mwache ajisukume, wewe mshike kiunoni, magoti yako yakiwa yamekunjwa. Omba zamu kwa ndugu kwa kutaja kazi yenyewe: "Jumanne na Ijumaa njoo uchote maji," siyo "mnisaidie." Maumivu ya muda mrefu huleta sonona kwa mgonjwa, na uchovu wa kumtunza huileta kwako. Kukosa usingizi kwa wiki, kulia bila sababu, kukata tamaa ya kuishi, ni mambo ya kusema kituo cha afya kama unavyosema homa. Mgonjwa akitamka kwamba afadhali afe, usimkemee na usimwache peke yake. Kaa naye na mtafute muuguzi au daktari siku hiyo.

Unapomrudisha kliniki

Foleni ni ndefu na daktari ana dakika chache, kwa hiyo nenda umejiandaa. Weka kwenye bahasha moja isiyopenya maji karatasi ya kuruhusiwa, picha za zamani na za sasa, na jina la upasuaji pamoja na namba za pingili zilizounganishwa, kwa mfano L4 na L5. Piga picha karatasi hizo kwa simu, kwa sababu mvua na panya havichagui. Wiki mbili kabla, andika kwenye daftari kila jioni: maumivu kati ya 0 na 10, yako wapi, yakoje, alitembea dakika ngapi, alilala saa ngapi, alimeza nini. Badala ya kusema "bado anaumwa," sema "mwezi wa tatu alifika kisimani, sasa haendi hata mlangoni." Sentensi hiyo daktari anaifanyia kazi.

Uliza mfupa umeshikana au la, na kama picha zaidi zinahitajika. Akishauri upasuaji wa pili, uliza unalenga kurekebisha kitu gani hasa. Penye skrubu iliyokatika, maambukizi au mshipa unaobanwa, jibu huwa wazi. Pasipo na kitu kinachoonekana, kupasua tena kwa sababu ya maumivu tu mara nyingi huleta nafuu ndogo kuliko upasuaji wa kwanza, na una haki ya kuomba maoni ya daktari mwingine kabla ya kuuza shamba. Uliza pia kuhusu bima, na kama hamna, dirisha la ustawi wa jamii lipo katika hospitali za rufaa. Fika hapo kabla ya kulipa, siyo baada.

Daftari likijaa, lihifadhi na uanze jingine.